Maji Niliyommwagia Baba

Nilimbatiza baba yangu mzazi Makambako, saa nne asubuhi, kwa maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye kikombe cha bati. Sikuwa mchungaji wala mwinjilisti. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwenye kipaimara cha mwaka mmoja na kiherehere cha maisha yote. Sikumwomba mtu ruhusa. Hata yeye mwenyewe sikumwomba, kwa sababu alikuwa amezidiwa na homa, macho yamefumba, na mimi sikuweza kungoja ayafumbue.

Watu wa kwetu wakisikia habari hii hucheka kwanza. Wanasema, huyo ndiye yeye hasa. Na ni kweli. Mama alinizaa njiani akitoka shamba la ulezi, hajaufikia hata mlango wa nyumba, na tangu siku hiyo sikuwahi kuacha kitu kikaiva. Viazi nilivifukua vikiwa bado vidogo. Chungu nilikifunua kila mara mpaka mama mkubwa akanichapa vidole kwa mwiko. Ukiniambia kaa, nitakaa, lakini mguu utatikisika. Sasa nimezeeka na mguu bado unatikisika. Hata ninapoandika haya meza inacheza.

Kwetu ni upande wa Yakobi, si mbali na Njombe, na mji wenyewe enzi hizo za Mwingereza ulikuwa boma, maduka machache ya Wahindi, na barabara ya udongo mwekundu. Baba alikuwa fundi wa mbao, na alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, niliyemwita mama mkubwa, alimwoa mwenyewe akiwa kijana. Wa pili ndiye mama yangu, na huyo baba hakumtafuta. Alikuwa mke wa mdogo wake, ambaye alikwenda Tanga kukata mkonge akafia huko huko. Ndugu walikaa kikao, wakamkabidhi baba mjane kama desturi ilivyokuwa, na baba akasema mbele ya wote kwamba huyu atakula kwangu, atavaa kwangu, na hatafukuzwa. Mimi nilizaliwa baada ya hapo. Injili ilipomfikia baba, ilimkuta ameshatoa ahadi hiyo.

Akaingia darasa la ubatizo. Alisoma miaka miwili, akaijua katekisimu yote kwa moyo, amri na maelezo yake. Siku ya kuandika majina ya watakaobatizwa, wazee wa kanisa walimwambia aachane na mke mmoja. Baba akauliza, "Yupi?" Wakasema yule wa kurithi. Baba akasema, "Huyo nimeahidi hatafukuzwa." Basi wakalifuta jina lake.

Sheria ilikuwa hivi: mwanamke aliyeolewa kwenye mitala anaweza kubatizwa, maana yeye ana mume mmoja tu. Mwenye kosa ni mume. Kwa hiyo mama mkubwa akabatizwa. Mama yangu akabatizwa. Sisi watoto tukabatizwa mmoja baada ya mwingine, na kila mara baba ndiye aliyetunyoa nywele jana yake na kututia mafuta asubuhi. Nyumba nzima ikawa ya Kikristo isipokuwa mwenye nyumba. Serikali, kwa upande wake, ilimtambua mama yangu vizuri sana, kwa sababu kila mwaka ilimtoza baba kodi ya mke wa pili. Kanisani tu ndiko mama alikuwa kikwazo.

Na mabenchi ya kanisa hilo, jamani, yote aliyatengeneza baba. Alipasua mbao mwenyewe, akapiga randa, akayafunga kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, walipokaa wanafunzi wa ubatizo na watu waliotengwa. Wenzake wa darasa walibatizwa wakasogea mbele. Wakaja wengine, nao wakasogea. Mpaka mwaka wa safari ya Makambako, baba alikuwa amekaa benchi lile miaka kumi na minne.

Kilichoniuma zaidi ni Jumapili za Chakula cha Bwana. Zilikuwa nne kwa mwaka. Mahubiri yakiisha, wasiobatizwa na waliotengwa waliinuka wakatoka nje, halafu mzee mmoja wa kanisa, mrefu, mwenye koti la jeshi lililobakiwa na vifungo viwili, aliufunga mlango na kutia komeo. Niliusikia ule mgongano wa komeo tumboni mwangu. Mama zangu walikwenda kupiga magoti mbele, na mimi baada ya kipaimara nikawa nakwenda nao, huku najua baba amekaa nje juu ya gogo, kwenye upepo wa Njombe, koti limefungwa mpaka shingoni. Nilikasirika. Niliwakasirikia wazee, nikamkasirikia mchungaji, na nisiposema uongo nilimkasirikia Mungu. Zaidi ya wote nilijikasirikia mwenyewe, maana mama yangu asingekuwepo, na mimi nisingekuwepo, baba angekuwa amekaa benchi la mbele.

Siku moja nilimfuata kwenye kibanda chake cha kazi. Alikuwa anapiga randa mlango wa mtu.

"Baba, wewe huchoki?"

"Kuchoka na nini?"

"Kukaa pale mlangoni."

"Pale kuna hewa nzuri."

Sikucheka. "Mchungaji amebatiza walevi. Amembatiza hata yule wa Kifanya aliyeiba ng'ombe. Wewe hujaiba hata yai!"

Baba alipuliza maranda yaliyoganda kwenye randa, akatazama ukingo wa mbao kwa jicho moja. "Mungu ananisubiri, mwanangu. Hana haraka na mimi, wala hajaniambia nimfukuze mtu. Siku itafika, nitasimama pale mbele, niulizwe, nijibu. Jibu ninalo."

"Na ukifa kabla?"

"Yeye si karani wa boma afunge dirisha saa tisa," akasema, akaendelea na kazi.

Jambo lingine alilokuwa nalo tayari ni jina. Kwetu mtu alipobatizwa alitaja jina jipya alilolichagua, na mchungaji akalirudia mbele ya watu. Baba alikuwa amelichagua lake zamani, tangu darasani, na hakumwambia mtu. Sisi watoto tulikuwa tukimtajia manabii wote na mitume wote tuliowajua, yeye anatikisa kichwa na kutabasamu. Hata mama mkubwa hakuambiwa. Alisema atalitaja mara ya kwanza siku atakapoulizwa, si kabla.

Basi mimi nikaona, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba watu wazima wamezubaa na ni juu yangu kulimaliza jambo hili. Nikamwendea mama, akimenya viazi uani, nikamwambia bila hata kukaa chini, "Mama, kwa nini usiende kukaa kwa mjomba Makambako? Baba abatizwe, basi."

Toba! Hata leo najisikia vibaya kuandika maneno hayo. Mama hakuinua uso. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitupia kwenye sufuria.

"Nilishaenda," akasema. "Wewe ukiwa mgongoni. Niliondoka mapema, nikafika mbali kweli, baba yako akanikuta nimekaa pembeni ya barabara nakunyonyesha. Hakunifokea. Akakuchukua akakuweka begani, akageuka nyuma. Akaniambia, nikibatizwa kwa njia hiyo, nitasemaje Mungu akiniuliza uko wapi?"

Ningetakiwa kutulia hapo. Sikutulia.

Mwaka uliofuata, katika miezi ile ya baridi kali, baba alikwenda Makambako kuezeka duka la mfanyabiashara mmoja. Alifikia kwa mjomba, kaka wa mama, aliyekuwa kibarua wa kutengeneza barabara. Wiki ya tatu, utingo wa lori la viazi akasimama njiani kwetu na salamu mbaya: fundi ana kichomi, hali chakula, haongei, njooni. Mama mkubwa alibaki na wadogo zangu. Alimpa mama blanketi lake mwenyewe, lile la pekee lisilokuwa na tundu, na mama na mimi tukapanda juu ya magunia ya lori lililokuwa likienda upande huo.

Sikumbuki barabara. Nakumbuka nilitaka kushuka nisukume. Kila lilipopanda mlima likihema nilisema, "Twende basi, twende," mpaka mama akanishika goti na kulikandamiza kwa mkono wake wote.

Makambako siku hizo palikuwa njia panda yenye upepo. Malori ya watu waliokuwa wakienda mkonge yalisimama hapo, wanaume wamejifunika mablanketi, vumbi likipita katikati yao. Tuliwapita tukakimbilia kwa mjomba. Baba alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na moto, mbavu zinapanda na kushuka upesi upesi, midomo imepasuka. Nilimwita. Hakunisikia.

Dresa wa zahanati alikuwa ameshamchoma sindano na kumpa vidonge. Alirudi tena asubuhi ya pili akamsikiliza kifuani, akakunja vitu vyake. Nikamwuliza, "Atapona?" Akasema, "Dawa nimetoa. Leo ndiyo siku yenyewe. Ama homa itashuka ama itamchukua. Tungoje."

Tungoje! Kungoja tena! Mjomba alikuwa kazini. Mama akatoka kutafuta kuni, maana zilikuwa zimeisha na baba alikuwa akitetemeka. Nikabaki naye peke yangu. Nilikimbia kwa mwinjilisti, nikaambiwa amekwenda Njombe kwenye mkutano, atarudi Jumamosi. Nikakimbia kurudi. Pumzi ya baba ilikuwa imekuwa fupi zaidi, au ndivyo nilivyoona. Na ndipo nikakumbuka somo la kipaimara: mtu akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji.

Mchungaji alipotufundisha hilo alisisitiza jambo moja, kwamba mtu mzima aulizwe kwanza. Nilikuwepo darasani. Nilisikia. Lakini pale Makambako, na kikombe mkononi, nilikumbuka maji na maneno, sikukumbuka swali. Nilimwaga maji kwenye paji la uso wake mara tatu, nikasema nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kwa Kiswahili kile cha darasani, kwa sauti iliyokuwa inakatika. Na kwa kuwa sikuwa na jina lake jipya, nilimwita kwa jina la nyumbani, lile la babu zake.

Mama aliingia na kuni kichwani wakati maji yakitiririka masikioni mwa baba. Alizitua polepole.

"Umefanya nini?"

"Nimembatiza."

Akakitazama kikombe. "Umemwuliza?"

Nilikiweka kikombe chini. Mama alichukua ncha ya kanga yake, akamfuta baba masikio ili yasiingie maji, akachochea moto.

Alasiri ile baba alitoka jasho mpaka blanketi likalowa. Jioni akafumbua macho. Kesho yake akaomba uji, na keshokutwa akauliza nani anamalizia paa lake.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, Mungu anajua nililia kwa furaha. Lakini ndani yangu mlikuwa na kitu kinachokwaruza. Baba alikuwa hai, amebatizwa, na hajui. Na mimi, niliyekuwa sijawahi kuchelewesha neno tangu nizaliwe, nikaanza kuchelewesha. Nilisema nitamwambia akila. Nikasema nitamwambia akitembea. Tulikaa Makambako siku kumi, na kila siku mama alinitazama tu.

Tulishushwa na lori Njombe mjini, tukaanza kutembea kwenda nyumbani. Baba alikuwa na fimbo, anapumzika kila baada ya kipande. Tulipofika mahali pa kuvukia kijito, mama akasema, "Mwambie wewe, au nitamwambia mimi." Nikamwambia, haraka haraka, macho kwenye maji.

Baba aliegemea fimbo. "Nilikuwa nimelala?"

"Ndiyo, baba."

"Hukuniuliza."

"Ulikuwa unakufa!"

"Uliniita nani?"

Nikamwambia. Nilitamani anipige. Nilitamani apige kelele, avunje ile fimbo, afanye jambo lolote ambalo lingeisha. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye bado kifua kinamwuma, "Miaka yote hii nilikuwa na neno moja tu la kusema pale mbele. Moja. Na wewe umenipokonya nikiwa usingizini." Halafu akavuka kijito, akatutangulia. Nimewahi kufiwa na watu wengi tangu siku hiyo, lakini sijui kama kuna mgongo wa mtu ulioniuma kuutazama kama ule.

Kule nyumbani habari haikukaa. Wazee wa kanisa walikutana mara mbili. Wengine walisema msichana hana mamlaka, maji hayo ni ya kunawia tu. Wengine wakasema hatari ilikuwepo, jina la Mungu limetajwa, nani athubutu kulifuta? Wengine wakasema, sasa tuna Mkristo mwenye wake wawili, tutamweka wapi? Yule mzee wa koti la jeshi alisema mbele yetu kwamba huu ni ujanja wa fundi wa kuingia kupitia dirishani. Nilitaka kumrukia. Baba alinishika mkono.

Mchungaji aliniita peke yangu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinimaliza.

"Mwinjilisti alikuwa arudi lini?"

"Jumamosi."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Kwa nini hukungoja, hata mgonjwa afumbue macho?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nikasema, "Niliogopa Mungu atachelewa."

Mchungaji hakuandika lolote. Alifunika kalamu yake. Mwishowe uamuzi ukatolewa: ubatizo umesimama, haurudiwi wala haufutwi. Ila baba hawezi kufika mezani kwa Bwana maadamu ana wake wawili. Atabaki benchi la mlangoni. Na mimi, kwa kuichukulia sakramenti kama jambo la kukurupuka, nimetengwa na meza mpaka wazee waone nimetulia.

Mpaka nitulie! Mama mkubwa, ambaye hacheki ovyo, aliposikia aliziba mdomo na kanga. "Basi huyu harudi," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, Jumapili ya Chakula cha Bwana iliyofuata, nainuka pamoja na baba na kutoka nje. Komeo likagonga nyuma yetu. Baba akakaa kwenye lile gogo ubavuni mwa kanisa, mkabala na mlango, akafunga koti. Watu wengine waliotengwa walikwenda zao nyumbani. Mimi nilisimama mbele yake.

"Baba, nisamehe."

"Nilikusamehe pale kijitoni, kabla sijafika ng'ambo."

"Basi ngoja nikuulize sasa. Maswali yote nayajua. Wewe ujibu, utaje jina lako, tumalize."

"Bado."

"Lini?"

"Nitakuambia."

Nikazunguka kanisa mara nne. Miezi mitatu baadaye nikamwuliza tena. "Bado." Miezi mitatu mingine, "Bado." Ndani walikuwa wakiimba kwa Kibena, ule wimbo wa taratibu wa kwenda mezani, na sisi nje tunapigwa na upepo, na mimi napasua kijiti kimoja baada ya kingine. Mara ya nne nilishindwa kujizuia.

"Unaniadhibu," nikamwambia. "Sema tu. Umesema umenisamehe, lakini unaniadhibu."

Baba alinitazama, akanionea huruma, nikaiona kabisa. "Sikuadhibu. Kila mara unaniuliza ukiwa umesimama."

Nikajitazama. Kweli nilikuwa nimesimama, mguu mmoja mbele. Nikakaa. Nilikaa kwa muda wa ubeti mmoja hivi, nikasimama tena. Baba akacheka mpaka akakohoa.

Sikumwuliza mara ya tano. Si kwamba nilikuwa nimeelewa kitu; nilichoka tu. Nilikaa kwenye gogo kando yake, tukagawana muhindi wa kuchoma uliopoa. Aliniambia habari za mbao, ipi inapinda ikikauka na ipi haipindi. Aliniambia kwamba mwanzoni yeye pia alizunguka kanisa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa akitega sikio ukutani asikie wanasema nini mle ndani. Alimwambia Mungu maneno mabaya ambayo hakutaka kuyarudia mbele yangu. "Halafu nikaona hajaondoka," akasema. "Nilimtukana, akabaki. Nikaacha kumwambia aharakishe."

"Na siku ile Makambako," nikamwuliza, "kama ungekufa kweli?"

"Ningekwenda na neno langu mdomoni, nikalisemee huko."

Mara ya sita ilikuwa siku ya baridi kali. Wimbo ndani ulikuwa umeshaanza, tumekaa mimi na baba, mara komeo likaondolewa. Mlango ukafunguka na yule mzee wa koti la jeshi akatokeza kichwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa.

"Binti," akasema, "kikao kimekaa jana. Umerudishwa. Ingia, wanakwenda mezani sasa hivi."

Mwaka mzima na nusu nilikuwa nimeomba kusikia maneno hayo. Zamani ningekuwa nimeshafika madhabahuni kabla hajamaliza kusema. Nikakusanya kanga yangu, nikataka kuinuka. Nikamwona baba pembeni, mikono katikati ya magoti, anatazama chini. Nikawaza kwamba nikiingia sasa, mlango utafungwa, naye atabaki peke yake juu ya gogo hili, bila hata wa kugawana naye muhindi. Nikaketi tena.

"Ingia basi, unangoja nini?" mzee akasema. "Baridi inaingia ndani."

"Namngoja baba," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sikuwa nimepanga. Mzee alishika mlango, nusu wazi, hajui aufunge au auache. Mimi nilikaa. Wimbo ukaingia ubeti wa pili, ukaingia wa tatu. Mguu wangu ulitaka kutikisika, nikauacha utake.

Baba akasema, "Sasa niulize."

Nilimwuliza nikiwa nimekaa. Nilimwuliza kwa Kibena, lugha ya nyumbani, si kwa kile Kiswahili nilichommwagia akiwa usingizini. Nilimwuliza kama anamwamini Mungu Baba aliyemwumba. Nilimwuliza kama anamwamini Mwana, na kama anamwamini Roho Mtakatifu. Nilimwuliza kama alitaka yale maji.

Baba alisimama. Alivua kofia. Mtu wa kupasua mbao akimwita mwenzake anayevuta msumeno chini shimoni hutoa sauti ya kutoka tumboni, na hiyo ndiyo sauti aliyoitumia. "Ndiyo!" Kwa kila swali, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na la mwisho ndiyo. Ile ya kwanza iliingia mlangoni moja kwa moja. Ndani wimbo ukayumba. Nikaona vichwa vya benchi la nyuma vinageuka, kisha vya mbele yake, kisha nikamwona mama mkubwa amesimama katikati ya njia, na mama nyuma yake, na mbele kabisa mchungaji, kikombe mkononi, ametulia anasikiliza.

"Jina lako nani?" nikamwuliza.

Akalitaja. Lilikuwa jina fupi, la mtu mmoja kwenye Biblia ambaye watoto hatukuwahi kumkumbuka, na sitaliandika hapa, kwa sababu alingoja zaidi ya miaka kumi na mitano alitaje kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nilishamsemea mara moja, yatosha. Mchungaji akalirudia kutoka kule mbele, kwa sauti, kama desturi.

"Haya, nenda sasa," baba akaniambia, akivaa kofia. "Usiwacheleweshe wenzako."

Niliingia. Yeye hakuingia, hakuna aliyemwita, na sheria ilikuwa bado ile ile. Alirudi kukaa kwenye gogo. Nilipita kati ya mabenchi yake, nikawafuata mama zangu, nikapiga magoti katikati yao, nikangoja nisikie lile komeo. Sikulisikia. Nikageuza shingo. Mzee wa koti la jeshi alikuwa amesimama pale pale, ameushikilia mlango kwa mgongo wake ukiwa wazi kabisa, anatazama viatu vyake. Upepo uliingia, watu wakakohoa na kujivutia mashuka, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kuufunga.